Mashuka ya Mjini, Bei ya Shamba

Kwanza tuelewane: Chapuchapu halikuwa jina lake. Kwao aliitwa kwa jina la mtoto wake kama akina mama wengine, na mumewe alimwita "mama watoto" ingawa mtoto mwenyewe alikuwa mmoja tu, wa kike. Jina la Chapuchapu alilipata mjini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na waliompa hawakumpa kwa mapenzi. Lakini hayo yanakuja, tusikimbilie.

Huko kwao shamba alikuwa dobi wa mafurushi. Mwalimu mkuu analeta furushi lake, nesi wa zahanati lake, mwenye duka la mbolea lake. Anafua, anaanika, anapiga pasi ya mkaa, anakunja, anapeleka, analipwa kwa furushi. Akimaliza mapema, siku iliyobaki ni mali yake: atashika jembe, atateka maji, au atakwenda kumshikia mumewe ubao wakati wa kukata. Ndiyo maana mkono wake ulijifunza mbio tangu usichana. Dobi wa furushi akizubaa anajiibia mwenyewe.

Mumewe alikuwa seremala, na nisemapo seremala namaanisha seremala hasa, si hawa wa kupigilia misumari mitatu halafu wanaomba dua. Mlango alioutengeneza yeye ulifungwa kwa kidole. Tatizo halikuwa mlango, tatizo lilikuwa mlipaji. Maana huko shamba mishahara ina vituko vyake. Mwalimu na nesi wanalipwa na serikali, hela ileile awe mjini au awe porini, kwa hiyo kijijini wao ndio matajiri, wanaamkiwa mpaka na mbuzi. Lakini dobi, seremala na mwashi wanalipwa kutoka mfukoni mwa jirani, na jirani mwenyewe anasubiri mavuno. Utamdai nini mtu ambaye mfuko wake uko shambani na haujatoa hata ua?

Basi mdogo wake seremala alikwenda mjini, akapata kazi ya ulinzi kwenye geti la hoteli. Hana ufundi wowote, tunasema ukweli. Lakini aliporudi likizo alikuwa na viatu vinavyomeremeta na redio mpya.

"Kaka," akasema, amekaa kwenye kiti ambacho kaka yake ndiye aliyekitengeneza, "wewe unalipwa kutengeneza mlango. Mimi nalipwa kuufungua tu. Angalia nani ana viatu."

Watu walicheka hadi machozi, na seremala naye akacheka. Lakini alasiri ile aliranda ubao mmoja mpaka ukawa haufai tena kwa kazi yoyote. Mkewe aliona, akajitia hamnazo.

Mwaka ule binti yao akapata nafasi chuo cha uuguzi. Furaha ilikuwa kubwa, na ada ilikuwa kubwa kuliko furaha. Wakaketi, wakashika tama, wakageuza mambo huku na huku, mwisho seremala akasema, "Mama watoto, ile hoteli anayolinda mdogo wangu wanatafuta dobi. Nenda wewe. Mimi nitabaki, nitapika, nitafua, sitakufa."

"Wewe upike?"

"Nimesema sitakufa. Sikusema nitanenepa."

Mwanamke yule mpaka leo, akikumbuka neno hilo, hucheka kwanza, kisha husema, "Mungu alinipa mwanamume." Maana wapo wanaume ambao wangeona heri binti akose chuo kuliko mke awapite kwa mshahara. Huyu alimfungia mkewe sanduku, akambebea mpaka barabarani, akasimama pale hadi gari lilipopotea.

Mjini alifanyiwa majaribio ya kupiga pasi shuka moja, akaajiriwa hapohapo. Alipotajiwa mshahara wa mwezi alidhani ametajiwa wa mwaka, akanyamaza asije akamharibia mtu hesabu. Ulikuwa kama mara nne ya alichopata nyumbani mwezi mzuri, ule wa mwalimu mkuu kuwa na wageni. Alitoka ofisini miguu haigusi chini. Shuka ni shuka, alijiambia. Mkono ni uleule, mikunjo ni ileile. Kumbe kilichokuwa kinanikosesha hela ni upande wa barabara niliolala!

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, chini ya ngazi, hakina dirisha ila tundu la feni. Upande mmoja mashine zinanguruma, upande wa pili mbao za pasi zimepangwa mstari, katikati vikapu vikubwa vya magurudumu vinajaa mashuka na mataulo. Mvuke wakati wote. Wanawake walikuwa wanne, yeye wa tano. Watatu walikuwa wa makamo, wacheshi, wenye ndimi kali. Wa nne alikuwa mtu mzima aliyekaa kwenye kigoda pembeni, magoti yake mabovu, hawezi tena kusimama kwenye pasi. Kazi yake ilikuwa kukunja foronya za mito. Asubuhi mpaka jioni, foronya. Wakamwita Mama Foronya.

Jioni ya siku ya kwanza, wenzake wakivaa viatu, Mama Foronya akamuuliza, "Una pa kulala?"

Shemeji yake mlinzi alikuwa anaishi na walinzi wenzake watatu chumba kimoja, pasipo hata nafasi ya kukohoa. "Nitapata tu, mama," akajibu.

"Hilo si jibu, hilo ni dua. Twende."

Kilikuwa chumba kimoja, kitanda kimoja, godoro la ziada lililosimamishwa ukutani, jiko la mafuta, na pazia lililotengenezwa kwa kitambaa cha meza chenye doa. Kodi ya vyumba mjini, hapo ndipo mgeni anapogundua kwamba mji unakupa mshahara kwa mkono wa kulia na kukupokonya kwa wa kushoto. Chapuchapu akauliza atachangia ngapi.

"Utanunua chumvi," Mama Foronya akasema, na mazungumzo yakaisha hapo. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha, mama anataka chumvi tu. Hela yote ikaenda chuoni. Nani mjini anafanyiwa hivyo? Niambie wewe mwenye ndugu wa damu mjini, ulilala kwao miezi mingapi kabla hawajaanza kugonga sufuria?

Sasa tuje kwenye kosa. Lilikuwa kosa la mtu wa furushi, na mtu mwingine asingelifanya hata angelipwa alifanye. Chapuchapu alipiga pasi mjini kama alivyopiga kwao. Alimaliza kikapu chake kabla wenzake hawajafika nusu, kisha akanyoosha mkono: "Leteni na ya kwenu, dada zangu, tumalize tupumzike!"

"Dada, polepole," mmoja wao akasema. "Hapa hakuna mvua inayokuja."

"Huyu tumwite Chapuchapu," mwingine akasema, na hakuwa anatabasamu.

Yeye akaona ni utani. Angejuaje? Kwao ukimaliza mapema unapata mchana wako. Hapa ukimaliza mapema unapata benchi. Ikawa kila siku, kufika saa ya chakula, vikapu vitupu, na Chapuchapu kakaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani, uso umejaa raha, anasubiri mtu wa kumsifu.

Akaja. Msimamizi mpya, kijana aliyevaa tai hata kwenye ule mvuke, na kwa hiyo jina lake lilikuwa Bwana Tai kabla hajajitambulisha. Akatazama vikapu.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza!" Chapuchapu akajibu kwa mdomo wote.

Bwana Tai akatazama vikapu tena, akawatazama wanawake mmoja mmoja, midomo yake ikicheza kama mtu anayetoa na kujumlisha. Wale watatu wakainamisha vichwa. Kesho yake asubuhi akarudi na maneno yaliyokatwa tayari: kazi ya watu watano inafanywa na wanne, wenye hoteli wanataka kupunguza gharama, mwisho wa mwezi mmoja atapumzishwa, yule mwenye kazi ndogo kuliko wote. Hakutaja mtu. Lakini macho yake yalikwenda kwenye kigoda, na macho ya wote yakayafuata.

Chapuchapu akaelewa kosa lake. Kibarua cha Mama Foronya kinaota nyasi, na aliyemwaga maji juu yake ni yeye, mgeni anayelala bure kwenye chumba chake! Nani atamwajiri mwanamke mwenye magoti yale? Chumba atalipaje? Akaanza kujilaani kimoyomoyo, na hakuchagua maneno.

Siku zilizofuata alijaribu kuwa mvivu. Jamani, uvivu nao una ufundi wake! Aliinua pasi polepole, akaishusha polepole, akaipitisha kwenye shuka kwa mwendo wa bibi harusi. Shuka likaungua. Alama ya pasi ikabaki katikati, kahawia, imekaa vizuri kabisa mahali ambapo mgeni angelaza mgongo.

"Loo!" mmoja wa wale watatu akasema. "Haraka unatuua, polepole unatuchomea hoteli. Tukufanye nini wewe?"

Wakacheka, kwa mara ya kwanza wakacheka naye, hawakumcheka yeye. Mama Foronya ndiye aliyelichukua shuka lile, akalikunja alama iingie ndani, akalipeleka kwenye fungu la vitambaa vya kusafishia. Hakusema neno la lawama, wala siku ile, wala jioni walipokula. Alimwekea mwenzake mboga nyingi kuliko yake, kama kawaida. Chapuchapu akaisukuma sahani kando. Afadhali angetukanwa.

Asubuhi akapiga moyo konde, akapanda ngazi kwenda ofisini kwa Bwana Tai.

"Bosi, nipumzishe mimi."

"Wewe?" Bwana Tai akaweka kikombe chini. "Nikufukuze wewe, nibaki na nani?"

"Basi nitoe kwenye mshahara. Mama Foronya abaki na mshahara wake wa mwezi. Mimi nilipe kwa furushi, kama kwetu. Utaona, nitamaliza mapema, nitatoka, hutaniona nimekaa."

"Kwenu furushi wanalipa ngapi?"

Akamwambia. Akasema bei ya kwao, ileile, bila kuongeza hata senti, maana hakuzoea kusema uongo kwenye mambo ya kazi. Bwana Tai akadhani anataniwa. Kisha uso ukamchangamka. "Kwa bei hiyo?" akasema. "Kwa bei hiyo, mama, tunaweza kuzungumza."

Mlango ulikuwa wazi. Mama Foronya alikuwa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, ameshika ukuta, anahema. Kwa magoti yale, ngazi ile alikuwa akiipanda siku ya mshahara tu. Nyuma yake walikuwa wale watatu, pasi wamezizima.

"Usithubutu," Mama Foronya akasema.

Bwana Tai akadhani anaambiwa yeye, akasimama.

"Si wewe, mwanangu. Namwambia huyu." Akaingia, akaketi kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. "Wewe unadhani unaniokoa mimi? Leo utapiga mashuka ya mjini kwa bei ya shamba. Mwezi ujao watauliza, hawa wengine wana nini cha zaidi? Nao watapewa bei ya shamba. Utakuwa umetuzika sote, na utakuwa umefanya hivyo kwa moyo mweupe."

"Mama, nilitaka tu…"

"Najua ulichotaka. Bei ya shamba mimi naijua kuliko wewe. Ndiyo ninayolipwa mpaka leo."

Wale watatu mlangoni wakatazamana.

Mama Foronya akaeleza, na alieleza huku anatazama mikono yake. Alipokuja hoteli ile alikuwa kijana, ana nguvu, magoti mazima. Mwenye hoteli wa wakati ule akamuuliza kwao alikuwa analipwa ngapi. Akamwambia, na akaongeza kidogo juu, akijiona mjanja. "Akakubali haraka mno," akasema. "Nikatoka hapa nacheka, nikadhani nimempata!" Kila walipoongeza mishahara, yeye aliongezewa juu ya kile kidogo chake. Wageni wakaja, wakaajiriwa kwa bei ya mji, wakampita siku ya kwanza. Chapuchapu mwenyewe alimpita siku ya kwanza. Karibu mara mbili.

"Na hukusema?" mmoja wa wale watatu akauliza. Wamefanya kazi naye miaka, wamekula naye sahani moja.

"Ningesemaje? Niliona haya. Ni mimi niliyejitajia bei."

Chapuchapu akapiga magoti pale sakafuni, ofisini kwa watu, wala hakujali. "Mama! Na ukanilaza bure? Kwa mshahara huo?"

"Bati lilikuwa tayari liko juu. Ulipoingia halikuongezeka."

Nitasema jambo moja kuhusu Bwana Tai, kwa sababu watu hupenda kuwasema vibaya wasimamizi, na mara nyingi wana haki. Yule kijana alikuwa mgeni, hakuwa mbaya. Alipiga simu kwa keshia, akauliza, akajibiwa, akaiweka simu polepole. Akatembea hadi dirishani, akarudi. Hatimaye akamuuliza Chapuchapu, "Mapazia unaweza kupiga pasi?"

"Mapazia?"

"Mapazia, vitambaa vya meza, sare za wahudumu. Kila mchana gari linavipeleka nje kwa dobi mwingine, na hoteli inalipa kwa kipande, bei ya mjini. Mimi ndiye ninayeidhinisha, na sikuwahi kufikiri." Akalegeza tai. "Mkivifanya ninyi mchana, kazi ya watu watano ipo. Na hela inabaki. Ya kutosha kumrekebishia mama mshahara wake, nikiipeleka kwa wenye hoteli ikiwa imeandikwa vizuri."

"Iandike vizuri basi," akasema yule mwenye ulimi mkali kuliko wote. "Sisi tunasubiri hapa."

Na kweli walisubiri. Walisimama mlangoni hadi alipomaliza kuandika, mvuke ukipoa huko chini, mashuka ya wageni yakisubiri kwenye vikapu.

Hayo yalikuwa maombi tu, si majibu. Kibarua cha Mama Foronya kilinusurika palepale, lakini habari ya mshahara ilipanda juu kwa wenye hoteli, ikakaa huko. Wanawake wale watano wakapiga pasi mapazia, na mapazia, ndugu yangu, si mchezo. Chapuchapu sasa mbio zake zilikuwa na pa kwenda. Wenzake waliacha kumnunia. Walipomwita Chapuchapu waliita jinsi mtu anavyomwita mdogo wake.

Chumbani, Chapuchapu alianza kulipa nusu ya kodi kwa nguvu. Mama Foronya akikataa, anaificha chini ya godoro lake, anaondoka. Wakagombana kwa jambo hilo jioni nyingi, na ugomvi ule ulikuwa mtamu kuliko kusifiwa. Seremala alipopata habari yote kwa simu akasema, "Mwambie mama huyo, kitanda chake nakitengeneza mimi. Mpime urefu." Mlinzi alipotoka likizo, kitanda kikaja naye juu ya gari la mizigo, kimefungwa magunia. Ndicho anacholalia mpaka sasa.

Ikafika siku moja ya mshahara. Walipanga foleni kwenye dirisha la keshia kama kawaida, Mama Foronya mbele kwa sababu ya magoti, Chapuchapu nyuma ya wale watatu. Keshia akasukuma bahasha. Mama Foronya akaichukua, akasogea kando, akachungulia ndani. Kisha akarudi dirishani, amekunja uso.

"Mwanangu, umekosea. Umenipa na za mwenzangu."

"Sijakosea, mama. Ni zako."

"Si zangu. Mimi zangu nazijua." Akairudisha bahasha kupitia chini ya kioo. "Angalia vizuri, usije ukakatwa wewe bure. Una watoto."

Keshia akaangalia daftari lake tena. Akaisukuma bahasha nje, Mama Foronya akairudisha ndani. Nyuma wahudumu na wapishi walianza kunung'unika, kisha wakaelewa. Chapuchapu akatoka kwenye foleni, akaichukua ile bahasha, akaiweka kwenye kiganja cha mama, akamfunga vidole kwa mikono yake miwili.

"Mama, hizi ndizo zako. Zile za siku zote ndizo zilizokuwa zimekosewa."

Mama Foronya akamtazama, akamtazama keshia, akaitazama bahasha.

"Miaka yote?"

Keshia alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Miaka yote, mama," Chapuchapu akasema.

Mama Foronya akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Basi nashukuru," akasema. "Nashukuru zimenikuta nikiwa bado na meno ya kuzila."

Foleni nzima ikaangua kicheko, watu wanalia na kucheka kwa pamoja, na yule mwenye ulimi mkali akamkumbatia mpaka akalalamika kwamba anavunjwa mbavu. Kisha Mama Foronya akaitia bahasha kifuani, akamshika Chapuchapu mkono, wakaanza kushuka ngazi taratibu, kwa mwendo wa magoti yake.

Chapuchapu hakumharakisha.